Risiti

Leo nimempimia baba yangu bangi.
Kilo mia mbili na kumi na nne, magunia yakiwa yametolewa.
Nimeandika jina lake lote, Haddu wa Muhand wa Amar,
kwa wino wa bluu, kwa herufi kubwa,
jina ambalo nyumbani tulifunzwa kulimeza
gari geni likianza kupanda mlima.

Alisimama upande wa pili wa meza, mteja kama wateja.
Kavaa koti alilooa nalo.
Leseni yake kaifunga kwa plastiki
kama mama afungavyo mkate usiingie vumbi,
na akaniita "bibi karani"
mbele za watu, bila kutabasamu.

Miaka kumi na saba hakushuka mjini.
Hati ya kumkamata ilikuwa Shafshawen,
ndani ya kabati la chuma, haizeeki.
Aliyezeeka ni yeye.
Jino lilipomtesa, alimng'oa fundi viatu.
Bibi alipozikwa bondeni, alimsalia akiwa juu mwambani,
peke yake, safu ya mtu mmoja;
anasema tulionekana kama punje za shayiri
zilizomwagika kwenye shuka.
Nilipoandikishwa shule, mjomba alitia saini kama baba.
Uongo huo ninao bado, una muhuri.

Na mmea ni ule ule.
Hapo ndipo ninaposhindwa.
Jani lile lile lenye vidole saba,
harufu ile ile inayong'ang'ania mtandio
hata uufue mara tatu.
Babu yake aliupanda kwenye ngazi za mawe
pale ardhi ya Rif ilipoikataa ngano.
Mmea haujatubu. Haukuombwa kutubu.

Mkaguzi katoka Rabat, binti mdogo, Wiam,
ana kidude cha kupimia unyevu na mafua.
Akauliza: ulipulizia dawa gani? Lini? Maji ya wapi?
Maswali yale yale anayowauliza watu wa zeituni.
Baba akajibu, mikono ubavuni,
"Naam, afande. Hapana, afande,"
mpaka binti akaona haya, akapenga kamasi,
akaandika: *daraja la pili, shina zuri kwa nyuzi.*

Mashina yatakwenda kiwandani yawe matofali na kamba.
Maua yatakamuliwa mafuta, kwa wenye kifafa, kwa wenye magoti.
Malipo baada ya siku sitini.
Kodi imekatwa, ada ya ushirika imekatwa,
na maabara nayo imechukua chake.
Mama, aliposomewa hesabu, aliinua nyusi:
"Zamani tuliibiwa usiku.
Sasa tunakatwa mchana,
ila tunaandikiwa."

Binamu Yedir yuko Almeria, anachuma nyanya chini ya nailoni.
Hauamini msamaha. Anasema ni mtego uliopakwa asali.
Lakini kila Ijumaa hutuma ujumbe wa sauti:
kilo bei gani sasa? Na fomu,
ile fomu, inauliza kuhusu kifungo?
Inauliza, Yedir. Kisanduku cha tisa.
Sijui nikujibu vipi.

Nikamkatia baba risiti.
Akaisoma pole pole, mbele na nyuma,
nyuma hakuna kitu, akasoma hapo pia.
Kisha hakuondoka.
"Nimemaliza?"
"Umemaliza."
"Nirudi kwa njia ipi?"
Maana anaijua ile ya mbuzi tu, ile ya korongoni.
"Ya lami, baba. Ile pale."

Nilimtazama dirishani akitembea ukingoni kabisa,
kana kwamba katikati pana mwenyewe.
Kwenye kona, jandarme ameegemea pikipiki.
Baba akasimama. Akainua risiti juu ya kichwa,
mkono wote umenyooka, kama mtoto anayejua jibu.

Jandarme akamtazama.
Akapiga miayo.

Nikafuta sahani ya mizani kwa kitambaa,
nikaita namba hamsini na tatu.